Majuma Mawili Bila Kuku Katika Nyumba ya Karani

Hapa kwetu Shirere, kando ya mji wa Kakamega, mgeni hahesabiwi kuwa amekula mpaka amekula kuku. Waweza kumpikia sufuria nzima ya wali, ukampa na chai ya maziwa, naye akashukuru kwa adabu zote. Lakini afikapo kwao akiulizwa alipewa nini, atajibu kuwa alipewa maji. Desturi hii naijua tangu utotoni wala siidharau. Hata hivyo mwaka huu iliniweka katika mashaka makubwa, na kwa kuwa najua wako wasomaji wengi ambao watakutwa na jambo kama hilo, nimeona yafaa kulieleza pamoja na mapishi yaliyonisaidia.

Baba yangu mkubwa, mzee aliyekwisha pita miaka sabini, alikuja kukaa kwangu kwa majuma mawili ili aonwe na daktari. Alikuwa akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Daktari akampima, akamwambia kuwa damu yake yapanda mno. Akampa vidonge, akamwagiza apunguze chumvi, mafuta na nyama, ale maharagwe, mboga na matunda kwa wingi, kisha arudi baada ya siku kumi na nne. Mzee alisikiliza yote kwa heshima. Tulipotoka nje aliniangalia kana kwamba amri ile niliitoa mimi.

Lazima niseme huyu ni mtu gani kwangu. Marehemu baba aliposhindwa kunilipia karo ya shule ya sekondari, ni mzee huyu aliyeuza ng'ombe wake wawili ili nisome. Kalamu niishikayo leo ofisini ni ng'ombe wale. Basi nikimchinjia kuku kila jioni kama ilivyo haki yake, nitakuwa namrudisha hospitali kwa mkono wangu mwenyewe. Na nikimwekea majani matupu siku kumi na nne, ataondoka akiamini kuwa nimemchoka. Tena ilikuwa tarehe ishirini ya mwezi, na kila karani ajua mfuko wake ulivyo tarehe hiyo.

Mke wangu ni mwalimu wa shule iliyo mbali, hurudi jua likiwa limezama. Hivyo mpishi wa jioni ni mimi. Majirani walikwisha cheka mpaka wakachoka, nami sikuona haya tena.

Siku ya kwanza nilipika sukuma wiki na ugali. Niliichemsha mboga mpaka ikawa rangi ya khaki, nikamwaga maji yake, na kwa ajili ya agizo la daktari sikutia chumvi hata chembe. Mzee alikula matonge matatu, akanawa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kuku wa Shirere wamekufa wote?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilimlalamikia mke wangu kuwa mzee hapendi mboga. Akasema, "Mzee hachukii mboga. Achukia mboga zako. Nenda kamwulize mama jirani jinsi zinavyopikwa, ukubali kufundishwa."

Maneno hayo yaliniuma, lakini nilipoyafikiri niliona ni kweli. Sisi tuliopita shuleni twajua kukaanga kitu chochote kwa kitunguu na nyanya, tukaona tumepika. Mboga za wazee wetu twazijua majina tu. Nadhani sababu ni kwamba kwa muda mrefu kitu cha kununuliwa dukani ndicho kilichohesabiwa kuwa cha heshima. Wazee wetu walikula ugali wa wimbi na mtama; vibarua wa machimboni na mashambani walipopewa posho ya unga wa mahindi, unga ule mweupe ukawa chakula cha mwenye mshahara. Dhahabu ilionekana hapa Kakamega mwaka 1931, na watu walimiminika kuja kuichimba. Dhahabu iliwatajirisha wachache, na mazoea ya kula unga mweupe yakatubakia wengi. Baadaye mkate wa dukani nao ukatufanya tuone haya kumwekea mgeni viazi vitamu pamoja na chai.

Kumbe wengine walikwisha liona jambo hili kabla yetu. Mwaka 2007 serikali ya Kenya ilianza kazi ya kutunza vyakula vya asili, na wataalamu wakaandika mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Shirika la UNESCO likasaidia majaribio katika jamii chache, na moja ya jamii hizo ilikuwa jirani zetu hawa Waisukha, ambako watoto wa shule za msingi walishirikishwa katika kukusanya habari za vyakula vya wazee wao. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi hiyo katika orodha yake ya mifano mizuri ya kutunza urithi. Yuko pia Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye utotoni mwili wake ulikataa vyakula vingi vitokanavyo na wanyama, akakua kwa mboga za kienyeji, na alipokuwa mtaalamu akatumia miaka mingi kuzichunguza. Mboga hizi zina madini ya chuma na ya chokaa, na vitamini A, kuliko kabichi tunayoibeba sokoni kwa fahari.

Jioni ya pili nilikwenda kwa mama jirani na daftari mkononi. Alicheka kwanza, kisha akanifundisha.

Alianza na musherekha, yaani maji ya majivu. Huchukuliwa maganda makavu ya maharagwe, yakachomwa mahali safi mpaka yawe majivu. Majivu hutiwa katika kopo lililotobolewa matundu madogo chini, yakamiminiwa maji polepole, na yale yanayodondoka, yenye rangi ya chai ya rangi, ndiyo musherekha. Hutunzwa katika chupa. Kazi yake ni kulainisha majani magumu na kuyaacha na rangi yake ya kijani. Vijiko viwili vyatosha sufuria moja. Ukizidisha, mboga huwa na ladha ya sabuni, na vitamini nyingine huharibika. Niliona pia yanipasa kumwuliza mwuguzi kabla ya kumpa mzee. Alisema kidogo hakina neno, ila mwenye ugonjwa wa figo asitumie mpaka amwulize daktari wake, maana maji hayo yana chumvi za namna nyingine ambazo figo mbovu haziwezi kuzitoa mwilini.

Mboga yenyewe ilikuwa likuvi na murere. Likuvi ni majani ya kunde. Murere ni ile mboga yenye kuteleza ambayo wengine huiita mrenda au mlenda. Chambua majani ya kunde machanga, gorogoro mbili zilizoshindiliwa kidogo, na murere nusu yake. Chemsha maji vikombe viwili tu, tia musherekha, kisha tia kunde. Acha zichemke kwa robo saa. Ndipo utie murere uliokatwakatwa, ukoroge, wala usifunike, kwa sababu murere hufura na kumwagika jikoni. Baada ya dakika kumi hivi yatosha. Maji usiyamwage, ndiyo mchuzi. Chumvi nilitia nusu ya kijiko kidogo kwa watu sita, na sikusikia mtu akilalamika, maana mboga hii ina ladha yake yenyewe. Kinachobaki hulala katika chungu, na asubuhi kikipashwa moto huwa kitamu kuliko jana.

Nilimwekea mzee pamoja na ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo. Hakusema kitu. Alikula, akaomba aongezwe, kisha akaanza kusimulia habari za nyanya yangu, ambaye sikupata kumwona. Mke wangu aliniangalia kutoka upande wa pili wa meza, nami nikaangalia sahani yangu.

Tangu siku ile kazi ikawa nyepesi, na nitataja yale yaliyofaa zaidi.

Lisutsa na tsisaka, ambazo kwa Kiswahili ni mnavu na mgagani, ni mboga chungu. Kwa desturi hupikwa na maziwa, zikakaa siku mbili tatu mpaka uchungu upungue. Sisi tulitumia karanga. Kaanga karanga kikombe kimoja bila mafuta, pepeta maganda, twanga katika kinu mpaka zitoe mafuta yake na kuwa uji mzito. Chemsha mboga mpaka zilainike, punguza moto, changanya karanga na maji ya uvuguvugu kidogo, mimina na kukoroga kwa moto mdogo kwa muda wa dakika kumi. Mwenye ufuta aweza kuutumia kwa njia hiyo hiyo. Uchungu hauondoki kabisa, wala haufai kuondoka. Lakini chagua karanga kwa macho yako mwenyewe, moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, itupe, wala usiwape kuku. Ukungu huo una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Sumu ya namna hiyo hiyo iliingia katika mahindi huko Ukambani mwaka 2004, na watu 125 wakafa. Ndiyo maana sipendi kununua karanga zilizokwisha sagwa na mtu nisiyemjua.

Chakula kilichompendeza mzee kupita vyote kilikuwa mushenye, nacho kina utamu wa sukari na ladha ya chumvi katika bakuli moja. Loweka maharagwe vikombe viwili usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Maharagwe mekundu yapasa yatokote kwa nguvu kwanza, walau dakika kumi, maana mabichi yana sumu iumizayo tumbo. Kuyaweka tu penye majivu ya moto hakutoshi. Yakiwa karibu kuiva, panga juu yake viazi vitamu vilivyomenywa, sita au saba vya kadiri, acha maji kidogo tu, funika kwa jani la mgomba na kifuniko juu yake. Viazi vikiiva, ponda vyote pamoja kwa mwiko wenye nguvu. Watu wengine hutia ndizi za kupika badala ya viazi, wengine majani ya maboga. Mushenye haihitaji mafuta hata kidogo. Huliwa moto jioni, na asubuhi hukatwa kama mkate na kuliwa na chai, hivyo tulisahau duka la mkate kwa majuma mawili.

Katika shule niliyosoma tulikula mahindi na maharagwe kila siku, pamoja na wadudu wake, hata nikaapa kuwa nikipata kazi sitayagusa tena. Sasa naelewa kuwa waliotupangia chakula kile hawakukosea, isipokuwa katika wadudu. Mahindi yana upungufu wa sehemu fulani ya chakula cha kujenga mwili, na maharagwe yanayo; maharagwe nayo yana upungufu wa sehemu nyingine, na nafaka inayo. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Kwa hiyo ugali na kunde, wali na choroko, au ule mchanganyiko ambao Wakikuyu huuita githeri na watu wa pwani huuita pure, si chakula cha maskini asiye na hila.

Watoto wangu hawakumwonea mzee huruma sana. Wao walitaka kitu kitamu. Hapo nikakumbuka kabalagala, vile vitumbua vya ndizi vya Uganda ambavyo pia huuzwa huku kwetu. Chukua ndizi ndogo tamu, zile ziitwazo ndizi sukari, zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi. Zimenye kumi au kumi na mbili, uziponde kabisa bila kutia maji. Chekecha unga laini wa muhogo, uutie kidogo kidogo huku ukikanda, mpaka donge liache kunata mikononi. Tandaza liwe na unene wa nusu ya kidole, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga katika mafuta ya moto wa kadiri mpaka vipate rangi ya kahawia. Hakuna sukari, hakuna hamira, hakuna yai. Moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki bichi. Mimi niliunguza karai la kwanza lote. Unga wa muhogo ununue kwa mtu umjuaye, kwa maana muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa una sumu.

Mzee aliomba kabalagala, nikampa kimoja. Alinikumbusha kwamba daktari alikataza nyama, hakutaja ndizi. Nikamweleza kuwa daktari alitaja mafuta, na kitu kilichozamishwa katika mafuta hakikosi mafuta kwa sababu tu hakikutoka kwa mnyama. Kwake yeye nilitokosa malenge pamoja na maganda yake na kumkatia vipande vinene, au viazi vitamu vilivyochomwa majivuni, naye akaridhika. Asubuhi alikunywa uji wa wimbi uliochachuka, ambao ndani yake nilikuwa nimeponda ndizi mbivu moja badala ya sukari. Wimbi lina chokaa nyingi kupita nafaka nyingine, jambo linalofaa mifupa ya wazee na ya watoto pia.

Jumapili moja tulitaka kubadili ladha kabisa, tukapika mbaazi za nazi, ambazo mke wangu alijifunza alipokuwa akisoma ualimu Mombasa. Nazi hapa Kakamega zimesafiri mbali na bei yake yajulikana, hivyo ni chakula cha siku moja moja. Loweka mbaazi usiku, zichemshe mpaka ziive bila kupasuka. Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tena kwa maji upate tui jepesi. Mbaazi zichemke katika tui jepesi pamoja na kitunguu na pilipili moja nzima. Zikikaukiana, tia tui zito na ukoroge bila kuacha mpaka litokote mara moja, ama sivyo litakatika. Watu wa pwani huzila asubuhi kwa mahamri. Sisi tulizila kwa mihogo ya kuchemsha, na mzee akapewa kidogo tu, kwa kuwa nazi nayo ina mafuta mengi. Alisema kuwa watu wa pwani wana akili.

Kuna mambo mawili zaidi niliyofundishwa na mwuguzi yule. La kwanza, chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Afadhali ingojewe saa moja, na badala yake mboga zikamuliwe ndimu, ambayo husaidia. Katika nyumba yetu hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kukosa kuku. La pili, vitamini moja inayohitajiwa na damu haimo katika mimea, kwa hiyo watoto wadogo na mama wenye mimba wasinyimwe maziwa na mayai. Nami sikuwanyima. Makala hii haisemi kwamba watu waache ng'ombe wao.

Siku ya kumi na mbili walikuja wazee wawili wa ukoo kumjulia hali. Moyo wangu ulishtuka, maana hawa hawakuwa wagonjwa, na nyumbani hapakuwa na kuku. Niliweka mushenye, likuvi na murere, njugu mawe zilizochemshwa muda wa saa tatu, na ugali wa wimbi. Mmoja wao alifunua bakuli moja baada ya jingine, akafunika, akafunua tena la kwanza. Kabla hajasema neno, baba mkubwa alisema, "Kuleni. Hiki ndicho alichokuwa akitupikia mama." Wakala. Sijui walisema nini njiani walipokuwa wakirudi.

Siku ya kumi na nne tulirudi kwa daktari. Damu ilikuwa imeshuka, si mpaka kiwango kinachotakiwa, lakini imeshuka. Daktari alisema ni vidonge pamoja na chakula, na hakutaka kugawanya sifa. Aliagiza viendelee vyote viwili.

Asubuhi alipokuwa akiondoka nilimpa kuku jike mwekundu, mzima, amefungwa miguu, niliyemnunua kwa fedha nilizokopa kwa mwenzangu wa ofisini, kwa sababu mshahara ulikuwa bado. Mzee alimpima uzito kwa mkono, akamgeuza, akatazama macho yake, akacheka sana. Pamoja na kuku alichukua chupa ya musherekha na mbegu za tsisaka alizopewa na mama jirani. Juzi mtoto wake alipita ofisini kwangu, nikamwuliza habari za yule kuku. Akasema bado yuko, ataga, na mzee amekataza mtu yeyote kumkaribia na kisu.